Punje Moja kwenye Kofia ya Tata

Habari hii sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu. Huwa anaisimulia kaka yangu Idrisa, tena mbele yangu, tena kwa kuigiza mwendo wangu, na kwa kuwa kila akiisimulia anaongeza chumvi (juzi kasema nilipiga magoti mbele ya shehe, uongo mtupu, nilichuchumaa), nimeona bora niitoe mwenyewe kama ilivyokuwa. Aibu ni yangu, basi na maneno yawe yangu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, naitwa Sauda, naishi hapa Bilele, Bukoba mjini, na baba yetu, ambaye tunamwita Tata kama Wahaya wenzetu, ingawa mama yake alikuja Bukoba kutoka Pangani akiwa mke kijana wa mfanyabiashara, na alivyokuja kufa alikuwa anaongea Kihaya kuwashinda majirani. Bibi huyo ndiye aliyenifundisha kudarizi kofia. Sisemi zile za mashine zinazoning'inia sokoni, nasema kofia za mkono, zile nyeupe ambazo unachora maua kwa penseli, unatoboa vitundu vidogo kwa sindano, kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kikaze, halafu unaanza kingine, na kingine, na ukija kuinua kichwa watoto wa jirani wameshaota ndevu. Mimi napenda kazi hiyo kuliko chakula. Tatizo langu ni kuimaliza.

Sasa sikilizeni. Kaka yetu mkubwa alifariki akamwacha binti mdogo, Zuhura, anaishi na mama yake, yaani wifi yangu, huko Buganguzi, Muleba, ambako wifi ana shamba la migomba na kahawa na kaduka kadogo. Zuhura alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi siku nilipojitia mdomo mpana nikasema mezani, mbele ya watu, "Tata, nitakudarizia kofia kwa mkono wangu, utaivaa siku unamwozesha Zuhura." Maana baba yake hayupo, na kila mtu alijua siku ikifika walii atakuwa babu yake. Tata alifurahi mpaka akaacha kula. Akaniambia, "Iwe na kahawa. Maua ya pwani alivaa baba yangu, mimi nataka kahawa."

Ndipo nikabuni mchoro wangu mwenyewe. Tawi la mbuni linakaa mbele, hapa kwenye paji la uso, punje zimeshikana kwenye kijiti kama zinavyoshikana shambani, majani mawili yanainama kulia na kushoto, na nyuma pale hamna kitu, mistari tu. Nilikuwa sijawahi kuona kofia ya namna hiyo popote, na shida yangu ilianzia hapohapo, kwa sababu ukiiga kazi ya mtu unajua imekwisha lini, unaangalia yake unaangalia yako, zimefanana, basi. Ukibuni ya kwako nani atakwambia imekwisha?

Nikachora. Nikafuta. Nikachora tena kwenye kitambaa kipya kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa na alama za ufutio. Nikaanza kudarizi jani, nikaona limenenepa, nikafumua. Nikasikia kuna uzi mzuri Dar es Salaam, nikaagiza, ulipokuja nikaona weupe wake si weupe wa ule wa kwanza (msicheke, weupe una aina zake, nendeni mkaangalie), nikafumua vyote nianze na uzi mmoja. Likizo ikija nasema likizo hii ndiyo yenyewe, halafu natumia likizo yote kuangalia kwenye simu video za mafundi wa Zanzibar, najifunza, najiandaa, napanga sindano kwa urefu. Na mimi huyu huyu ndiye niliyekuwa nasimama darasani nawaambia watoto wa watu, asiyemaliza kazi hatoki nje.

Tata alikuwa akiuliza, "Imefika wapi?" Namjibu, "Karibu, Tata." Akawa hachoki kuuliza na mimi sichoki kujibu.

Halafu macho yake yakaanza. Presha ya macho, walisema hospitali, na dawa za matone tukawa tunaweka, lakini jicho la kushoto likazima, na la kulia likabaki linaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Siku aliponyoosha mkono kushika kikombe akashika hewa, nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Mngedhani hapo ningekaa chini nikamaliza ile kofia haraka, aione angalau kidogo. Wapi. Nilijiambia hii ndiyo kofia ya mwisho atakayoiona maishani, kwa hiyo haiwezi kuwa na kasoro hata ya tundu la sindano, na nikaifumua tena.

Iliyoniokoa ni nikaha yenyewe. Zuhura alipoposwa na siku ikapangwa, Idrisa (anaishi Nshambya, mfupi, mkali, hana subira kama hana kesho) alikuja nyumbani akanikuta na vile vipande viwili, cha juu cha duara na kile kirefu cha kuzunguka, vyote vimejaa nakshi, akauliza kimebaki nini, nikasema kidogo tu, akavibeba akavipeleka kwa fundi mtaani kwake akaviunganishe. Hakuniomba ruhusa. Nilimnunia wiki nzima. Lakini kofia ikarudi kofia, jamani, imesimama, imeingizwa kitambaa laini ndani, na ilikuwa nzuri, nasema bila kujisifu, ilikuwa nzuri sana.

Ila punje moja.

Kwenye lile tawi la mbele, punje ya pembeni, ilikuwa kubwa kuliko wenzake. Hakuna mtu aliyeiona isipokuwa mimi, na mimi tangu niione nilikuwa sioni kitu kingine, kofia nzima ikageuka punje.

Asubuhi ya safari Tata alitoka chumbani na kanzu yake safi na kichwa wazi. Kofia zake za zamani ziko kwenye msumari palepale. Nikamuuliza, "Tata, huvai moja ya njiani?" Akasema, "Nimekiacha kichwa wazi makusudi. Nitavishwa hukohuko." Na kofia nilikuwa nayo mimi, ndani ya mfuko safi, kwa sababu niliomba niibebe mimi. Idrisa akiwa anawasha gari, Tata amekaa mbele, mimi nyuma peke yangu na masufuria ya kupeleka, nikakumbuka kwamba kwenye mkoba wangu kuna kopo la sindano la marehemu bibi. Nikawaza, punje moja. Naifumua, naizungushia upya, tukifika Muleba mjini nimemaliza.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalizaliwa na huo.

Kuifumua ilikuwa rahisi. Kuijaza upya nayo ilikwenda vizuri tulivyokuwa kwenye lami, nikawa nimeikalisha kofia hapa juu ya paja, mkono mmoja ndani, mwingine na sindano. Idrisa akaniona kwenye kioo. "Sauda, weka hicho kitu chini." Nikamwambia punje moja tu. Tata akauliza anafanya nini, Idrisa akasema anafanya kama kawaida yake. Tukaiacha lami, tukaingia barabara ya vumbi ya kwenda Buganguzi, gari likaanza kuruka, na mimi badala ya kuacha nikatoa mkono uliokuwa ndani ya kofia nikaikandamiza kwa nguvu juu ya paja ili isitikisike. Nikatia uzi wa kukunja mara mbili, nikasema safari hii sitaki ije ilegee, nikashona mishono ya kubana, ya karibukaribu, nikafunga fundo, nikafunga na la pili juu yake, nikauzungushia uzi kidoleni nikaukata. Nikaitazama. Ilikuwa imelingana na wenzake kabisa, na moyo wangu ukatulia kama nimelipwa.

Gari likasimama. Kwa wifi palikuwa pamependeza, turubai limefungwa kuanzia barazani mpaka kwenye migomba, viti upande huu wanaume na upande ule wanawake, maspika mawili makubwa yametundikwa juu ya nguzo yakiimba kaswida kwa kijiji kizima. Nikaichukua kofia niirudishe mfukoni. Nikaiinua, na gauni langu likainuka nayo.

Nikashusha. Nikainua tena polepole, nikitumaini labda imenasa kwenye kifungo. Gauni halina vifungo. Ndugu zangu, nilikuwa nimeishona kofia ya Tata kwenye gauni langu, kwenye sare ya familia, kitenge cha rangi ya chungwa chenye maua ya bluu ambacho wanawake wote wa ukoo walikuwa wamevaa siku hiyo, na nilikuwa nimeishona kwa ustadi ambao sijawahi kuufikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha nyumbani.

Mtu mwenye akili hapo angesema, "Idrisa, njoo uone nilichofanya." Lakini Idrisa alishaniambia niweke chini, na mimi na Idrisa tumezaliwa kufuatana, kuna mambo huwezi kumpa. Nikateremsha mtandio wangu mpana mpaka magotini, nikashuka garini, nikaanza kutembea na kofia pajani.

Mnajua kofia ya kusimama ikikaa kwenye paja inakuwaje? Inakuwa kama umeficha bakuli. Nikipiga hatua inagonga, nikisimama inachomoza, kwa hiyo nikawa natembea ubavu ubavu, mkono mmoja umeshika mtandio, na mwendo huo ndio Idrisa anaouigiza mpaka leo. Wazee wa wifi walikuwa wamejipanga kutupokea, mnajua salamu za kwetu, huwezi kupita, unainama kwa kila mmoja, unaulizwa wa nyumbani, unajibu, unaulizwa wa Bukoba, unajibu. Mama mmoja akaniambia kwa huruma na heshima ya Kihaya, "Waitu, mguu umekuwaje?" Nikamwambia nimeutegua kidogo. Akaleta kiti. Sasa nikikaa na ile kofia si itapondeka? Nikamwambia daktari amenikataza kukaa. Akanitazama, akaniletea kakikapu ka kahawa ya kutafuna, nikatwaa punje zangu mbili nikatafuna nimesimama kama mlinzi, na punje zilivyoniudhi siku ile nusura niziteme.

Nikaomba njia ya chooni. Huko nikajifungia nikaanza kazi. Mkasi nilikuwa nimeusahau nyumbani. Kukata kwa meno ndilo wazo lililonijia, na nawaomba siku moja mkiwa peke yenu mjaribu kuuma sehemu ya mbele ya paja lenu, halafu mje mniambie. Kuvua gauni nako hakuwezekani, zipu iko mgongoni na inafungwa na mtu mwingine. Nikasema nivute kwa nguvu, nikavuta kidogo, nikasikia uzi unalia, nikaangalia, tawi zima la kahawa linajikunja. Ningevuta zaidi vitundu vingepasuka, na miaka yote ile ingekwisha chooni Buganguzi. Nikaacha.

Ndipo muziki ukakatika kwenye maspika, na sauti ya mshereheshaji ikasema shehe amewasili na ana nikaha nyingine Muleba mjini baada ya hii, kwa hiyo tutaanza sasa hivi, walii yuko tayari, bwana harusi yuko tayari. Halafu kukawa na minong'ono. Halafu nikasikia sauti ya shehe, ya upole, "Mzee wangu, tukupe kofia yoyote hapa, wapo vijana wanazo." Na sauti ya Tata, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mezani mbele yao wote, "Hapana shehe. Kofia yangu inakuja na mwanangu."

"Lakini mzee, kofia si sharti la ndoa."

"Najua. Lakini nimeisubiri sana hiyo, siwezi kuikosa kwa dakika tano."

Nilisimama mle chooni nikaegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza siku ile sikuwaza punje, wala gauni, wala Idrisa. Niliwaza yule mzee amekaa kichwa wazi mbele ya watu, haoni nani anamtazama, anawaambia mwanangu anakuja. Mshereheshaji akatangaza, "Mwalimu Sauda, popote ulipo, unaombwa kufika mbele na kofia ya mzee."

Nikatoka. Nilipita katikati ya turubai, ubavu ubavu, wanawake wamegeuka, wanaume wamegeuka, nikafika kwenye meza. Tata akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, anangoja kuwekewa. Na mimi nikafanya jambo ambalo sijui nani alinituma, nikachuchumaa (nilichuchumaa) pembeni ya kiti chake nikidhani labda akiinama kidogo na mimi nikiinuka kidogo, kofia na kichwa vitakutana. Havikukutana. Mnaweza kupiga hesabu wenyewe, mimi ndiye mwalimu nikashindwa. Shehe akageuza uso akaanza kusoma karatasi iliyokuwa tupu.

"Sauda, iko wapi?" Tata akauliza.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Tata, iko hapa, lakini imeshikana na gauni. Nimeishona." Niliona nimenong'ona. Kumbe nimechuchumaa mdomo uko sambamba na kipaza sauti, maneno yakatoka kwenye maspika yakaenda mpaka kwa majirani. Kikaanza kicheko kwa nyuma huko, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati.

Wifi yangu alikuwa jikoni nyuma ya nyumba akisimamia ndizi. Mtu alimkimbilia, akaja anapangusa mikono, akaniangalia, akaangalia kofia. Kisu cha kumenyea ndizi kilikuwa bado mkononi. Nikamwambia, "Wifi, tafuta mkasi." Akasema, "Shehe anaondoka, mkasi utoke wapi?" Akanivuta pembeni ya meza, akasimama mbele yangu na kanga yake ameitanua kunikinga na wanaume, akapitisha kisu akakata kitenge kuizunguka kofia. Nikahema. Akavuta. Haikuja.

Na hapo wifi yangu, mwanamke mstaarabu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akasema kwa mshangao wa kweli, "Wifi, kumbe na shimizi nayo umeishona?"

Kipaza sauti kilikuwa palepale.

Sitaki kueleza kicheko kilichofuata. Niseme tu kwamba mpiga picha aliweka kamera chini akaketi, na bwana harusi, kijana wa watu, aliyekuwa amekaa kimya anatetemeka tangu asubuhi, alicheka mpaka akapanguswa machozi na shahidi wake. Zuhura aliniambia baadaye kwamba alisikia yote kutoka chumbani, na kwamba alikuwa amekaa anamlilia baba yake, na neno shimizi lilipopita dirishani alicheka wakarudia kumpaka wanja. Sikujua nifurahi au nizame ardhini.

Wifi akakata shimizi. Kofia ikatoka, ikiwa na kipande cha gauni na kipande cha shimizi vimeganda ndani yake, chini ya lile tawi. Akanifunga kanga kiunoni nisitirike, akanipa kofia. Nikaitazama, na moyo ukanilipuka, maana kile kisu na vidole vya wifi vilikuwa na utomvu wa ndizi. Pembeni ya jani la kulia, kwenye weupe ule nilioutafuta mpaka Dar es Salaam, pamepakwa alama ya kidole, na aliyekulia kwenye migomba anajua utomvu ukikauka unakuwa mweusi na hautoki mpaka nguo inaoza. Nilitaka kusema ngoja. Kweli tena, nilifungua mdomo niseme naomba dakika chache nikaisafishe.

Lakini mikono ya Tata ilikuwa bado iko wazi pale pale ilipokuwa, hajaishusha. Nikaiweka kofia ndani yake.

Hakuivaa mara moja. Aliigeuza polepole, vidole vikapita kwenye mistari, vikafika mbele, vikasimama. Vidole vikapanda kwenye kijiti, vikashuka punje kwa punje, ile niliyoirekebisha akaipita kama wenzake wala hakutulia juu yake.

"Hii kahawa," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Imeiva?"

"Imeiva."

"Nilidhani utaiacha iozee mtini." Turubai likacheka tena, lakini kicheko cha namna nyingine, na mimi nikajikuta nacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na yote. Kidole gumba chake kikawa kimeingia ndani, kikakuta kile kitambaa. Akakipapasa. "Na hiki ndicho kipande cha gauni?" Nikasema ndicho. Nikamwambia tukifika nyumbani nitakitoa. Akaivaa, akaisogeza kidogo ikakaa sawasawa, tawi limetazama mbele, akamwambia shehe, "Bismillahi, sasa tuendelee." Akamwozesha mjukuu wake kwa sauti ambayo haikutetemeka hata kidogo.

Kwenye picha zote za harusi nimevaa kanga ya jikoni ya wifi juu ya sare. Idrisa ameziweka kwenye kundi la familia na amekataa kuzifuta.

Tangu hapo nimejiwekea sheria. Sindano ndani ya chombo kinachotembea sishiki tena, hata kifungo kikikatika kikatike. Na ya pili ngumu zaidi, kila kazi ninayoanza namwachia mtu mwingine aniambie siku ya kuitoa, na siku hiyo naitoa ilivyo. Nimeshamdarizia Idrisa kofia yake, yenye samaki, na samaki mmoja ana jicho lililopanda juu kidogo. Nililiona. Nililiona vizuri sana, usingizi uliniruka, na asubuhi yake nikaikunja nikampa. Anaivaa kila mahali, analalamika kuhusu jicho kila mahali, na mimi nimeshaanza nyingine.

Ila la Tata bado lilikuwa linanikera. Ijumaa moja nikamkuta anajiandaa kwenda msikitini, nikaja na mkasi mdogo na limau na sabuni, nimejiandaa kweli, nikamwambia, "Tata, hebu nipe hiyo kofia kidogo, nitoe hicho kitambaa, na hii alama nione kama itafifia." Yeye alikuwa ameshaitungua kwenye msumari. Zamani mimi ndiye niliyekuwa namvisha kofia, tangu macho yaharibike. Siku hiyo nikamwona anaingiza kidole gumba ndani, anatafuta, anazungusha, kinafika kwenye kile kipande cha gauni langu kinasimama, anakileta kwenye paji la uso, anaivaa. Tawi likakaa katikati kabisa, bila mtu kumgusa.

Akageukia alikodhani nipo, si mbali sana na nilipokuwa kweli.

"Ukikitoa hicho," akasema, "mbele nitapajuaje?"

Nikarudisha mkasi kwenye kopo la bibi. Limau nikalikamulia kwenye chai.